Barua ya wazi kwa wakubwa wa Nairobi, Dodoma na Unguja: hii bahari ya Vanga na Mkinga ni moja, tieni saini

Waheshimiwa mawaziri wa uvuvi, wa mazingira na wa uchumi wa buluu, wa Kenya, wa Tanzania Bara na wa Zanzibar, na nyinyi pia mheshimiwa gavana wa Kwale na mkuu wa mkoa wa Tanga, asalaam aleikum, na kwa wale wa salamu nyingine hamjambo. Siwaandikii kwa Kiswahili cha ofisini manake hicho mnacho tele, nawaandikia vile tunavyoongea huku Vanga, kijiji cha Kenya hapa mpakani, na nawaandikia wote kwa pamoja makusudi, sababu kila mkubwa akiandikiwa peke yake jibu huwa ni lile lile, kwamba hilo suala linategemea upande wa pili. Basi leo upande wa pili nao uko hapa hapa kwenye barua, someni pamoja.

Shida yangu naitoa mapema msije mkachoka njiani. Lile eneo la hifadhi ya bahari la pamoja baina ya Kenya na Tanzania, ambalo pendekezo lake liliandikwa tangu 2015, linaloanzia Diani na Chale huku kwetu, linakumbatia hifadhi za Kisite na Mpunguti, linavuka mpaka hadi maji ya wilaya ya Mkinga na visiwa tengefu vya kule kama Kirui na Kwale (Kwale kisiwa, sio Kwale kaunti, msichanganye), litieni saini na mlishushe majini. Kila mwaka tunaskia liko mbioni. Semina tumehudhuria, fulana tumepewa, ramani za rangi tumeonyeshwa ukutani. Mvuvi wa Jimbo, kijiji jirani yetu, akitoka usiku na taa yake hajaona tofauti yoyote.

Mimi ni mtu wa daftari. Samaki wakishushwa hapa diko napima naandika, tafi kilo ngapi, changu, vibua, ngisi, pweza, chombo gani, mtego gani, nahodha nani. Ile karatasi inapanda Kwale kisha Nairobi. Mwenzangu wa Moa, ng'ambo ya mpaka, naye anaandika yake, inaenda Mkinga, Tanga, Dodoma. Sasa hebu tazameni, mashua imetoka Moa alfajiri, imevua kwenye mwamba ambao hata nahodha mwenyewe hawezi kukwambia uko nchi gani, njiani akapigiwa simu kwamba Vanga leo changu wana bei, akashusha Vanga. Mimi nimeandika samaki wa Kenya. Wiki ijayo mashua ya Jimbo inashusha Moa, hao wameshakuwa samaki wa Tanzania. Mwisho wa mwaka wataalamu wa nchi mbili wanakaa na vitabu viwili vya bahari moja, kila mmoja ana nusu ya hesabu na anaulizwa samaki wamebaki kiasi gani. KMFRI, watafiti wa bahari na samaki wa Kenya, wanatoa ripoti yao, TAFIRI, wenzao wa Tanzania, wanatoa yao. Na hao watu wa utafiti wala hawana ubaya, wanajuana, wanaalikana, ila daftari langu na la mwenzangu wa Moa hayajawahi kuwekwa meza moja, na sisi wawili tunaonana karibu kila msiba na kila harusi.

Mtasema mipaka ni jambo zito, linataka subira. Haya, tuongee mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana huku waliuanzisha mstari wao mdomoni mwa mto Umba, hapa hapa kwetu, wakaupiga kwenda bara mpaka ziwani. Baharini serikali zetu wenyewe ndio zilikubaliana, kwa barua walizoandikiana 1975 na 1976, halafu 2009 wakauongeza mpaka maji makuu huko. Hakuna kesi. Hakuna meli ya kivita iliyomkodolea mwenzake macho. Kenya na Somalia walifikishana mahakamani The Hague, hukumu ikatoka Oktoba 2021 na Kenya ikasema haiitambui, hio naelewa ikichukua miaka mtu hakushangai. Lakini nyinyi wa Nairobi na Dodoma mstari mlishakubaliana kabla mimi sijazaliwa, sasa kinachowazuia kulinda vilivyomo pande zake mbili ni nini hasa? Barabarani mmeweza, pale Horohoro na Lunga Lunga mtu anagongewa pasi za nchi zote mbili chini ya paa moja. Lori la saruji limepata ushirikiano kabla ya samaki.

Na samaki ndio wenye haki zaidi ya hio huduma, kwa sababu hawajui kukaa. Mkondo wa maji wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, wakati wa upepo wa kusi unaenda kasi sana, wakati wa kaskazi unalegea. Mayai ya samaki na vile vitoto visivyoweza hata kuogelea vinabebwa na huo mkondo, siku kadhaa au wiki kadhaa kutegemea aina, kabla havijapata mwamba wa kushika. Maana yake mwamba wa Mkinga ukiwa mzima, sehemu ya wanaozaliwa pale wanakuja kukulia Wasini, Gazi na kwengineko. Mwamba wa Mkinga ukivunjwa, Shimoni inapungukiwa na haitajua imepungukiwa na nini. Miaka ile Tanga samaki walipokuwa wanapigwa baruti mchana kweupe, watu wa huku walikuwa wanasema hio ni shida ya Watanzania, wajipange wenyewe. Hapana. Chupa moja ikipasuka inasaga matumbawe yaliyochukua miaka mingi kujijenga, inaua mkubwa na mdogo, wengi wanazama chini hata mpigaji mwenyewe hawaokoti. Ile balaa ilipungua sana pale Tanzania ilipounganisha polisi, uvuvi, misitu na vyombo vingine kwenye kikosi kazi kimoja kuanzia 2015, wakaacha kila mtu kukimbiza mhalifu kivyake. Nawapa heko kwa hilo, kweli kabisa. Lakini kile kikosi kikifika kwenye mstari kinasimama, na mwenye baruti anajua kinasimama wapi.

Sasa kuna la mafuta, na hili naomba mlisome mara mbili. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Kutoka pale mpaka huku Vanga ni kama kilomita 40 kwa ndege anavyoruka. Mimi sipingi bomba, watu wa Tanga wana haki ya kazi, na huku sisi tunataka bandari ya uvuvi ya Shimoni kwa hamu hio hio. Lakini mkondo nimeshawaambia unaelekea wapi. Mafuta yakimwagika pale wakati wa kusi hayatasubiri barua ya ubalozi, yatakuja kuingia kwenye mikoko yetu, na mkoko ukipakwa mafuta ile mizizi ya juu inayovuta hewa inazibwa, mti unakufa umesimama. Kuna itifaki ya tangu 1985 chini ya Mkataba wa Nairobi, inasema nchi za ukanda huu zisaidiane uchafuzi wa dharura ukitokea baharini. Nzuri sana. Nani wa BMU ya Vanga, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, anajua apige simu gani? Maboya ya kuzuia mafuta yamewekwa wapi, Mombasa? Tanga? Yakiwa Tanga yanavuka mpaka kwa kibali cha nani saa nane za usiku? Tukiwauliza maafisa wetu wanatuambia hilo liko ngazi ya juu. Ngazi ya juu ni nyinyi.

Upande wa mto nao mambo ni hayo hayo. Umba unazaliwa kule milima ya Usambara, Tanzania, unakuja kumwagika hapa kwetu Kenya. Misitu ya kule juu ikifyekwa, udongo wote unashuka kuja kukaa kwenye mikoko na nyasi za bahari za Vanga, na mafuriko yakija ni sisi tunaohamisha magodoro. Kwa hivo msidhani nawalaumu Watanzania tu au Wakenya tu, yaani ukiangalia vizuri kila nchi iko juu ya mwenzake kwa kitu fulani na chini yake kwa kingine.

Tuje kwa watu, manake makaratasi mengi yanaongea samaki na matumbawe utadhani pwani haina wenyewe. Kaskazi ikiingia Wapemba wanakuja dago, yaani kupiga kambi ya msimu wavue. Hili halikuanza jana, babu zao walikuja, wengine wakaoa wakabaki, mpaka Kenya yenyewe mwaka 2023 ikawatambua Wapemba kama jamii ya Kenya na watu waliokaa miaka bila kitambulisho wakapata. Wanaokuja msimu wanakuja na mashua kubwa, ringineti (nyavu za kuzungushia samaki), wazamiaji, vijana ishirini na zaidi kwenye chombo kimoja. Ringineti kwenye maji makuu kwa vibua na jodari ni sawa, ikiletwa juu ya mwamba maji mafupi inakomba kila kitu na kuburuta matumbawe. Hapo ndio ugomvi unaanza. Mvuvi wa hapa mwenye mtumbwi na mitego yake sita ya malema anaona chombo kimoja kimechukua usiku mmoja kile ambacho yeye hapati kwa msimu, anakasirika, anasema wageni wafukuzwe. Mgeni naye ana barua ya sheha wake, kalipa BMU, kalipa tajiri wake, anauliza kosa langu liko wapi. Na kweli kosa lake liko wapi? Hakuna pahali pameandikwa, kwa lugha ambayo nahodha wa Pemba na nahodha wa Vanga wote wataisoma, kwamba ringineti iishie hapa, juya, ule wavu wa kukokota, lisiguse pale, kwenye haya maji vyombo ni vingi hivi na vikijaa vimejaa. Kenya ina sheria yake ya uvuvi ya 2016, Bara wana yao ya 2003, Zanzibar wana yao. Bahari moja, vitabu vitatu, na mvuvi mwenyewe hana hata kimoja.

Niwape mfano mmoja wa mateso. Vijana wawili wa Moa injini ilikata usiku, kusi imekaza, chombo kikasukumwa mpaka huku. Asubuhi wakakutwa na askari wa upande wetu, kikosi sikitaji. Wakaambiwa wameingia nchi bila kibali na wanavua bila leseni. Samaki wakaoza mle mle ndani ya chombo, yaani hawakupewa hata ruhusa ya kuwauza wapate pesa ya faini. Wavu wao wa jarife ukatupwa mchangani juani, na nailoni ikikaa juani siku nyingi inakauka inakatika kama uzi wa mgomba, anayejua kazi hii anajua. Faini ikalipwa kwa mchango, na waliochanga ni watu wa Vanga, kwa sababu shangazi ya mmoja wao ameolewa hapa, ni mama karanga anauza samaki wa kukaanga sokoni na kila mtu anamjua. Wakarudi kwao na chombo, injini ikabaki "kwa uchunguzi". Huku kwetu nako wapo vijana waliofanyiwa hivyo hivyo upande wa kule, kwa hivo usidhani Moa hawana hadithi zao. Na wakati askari wa pande mbili wako bize na hawa waliokatikiwa injini, meli kubwa za kukokota huko nje zinazima taa na kifaa cha kuonyesha zilipo, zinapita tu.

Dawa ya hili mbona ni rahisi na wala haina gharama. Ndani ya hilo eneo la pamoja mvuvi mdogo aliyesajiliwa na BMU ya upande wowote awe na kitambulisho kimoja kinachotambulika pande zote, akisukumwa na upepo hajawa mhalifu. Doria ziwe na namba moja ya simu na chaneli moja ya redio. Askari wa Kenya akimfukuza mpiga baruti hadi mstarini awe anajua jina la mwenzake wa upande wa pili wa kumpokea, na sio kukaa kumtazama anavyoyoyoma akipunga mkono.

Sasa pweza. Hapa naomba mnivumilie kidogo, hii ndio sehemu naijua kuliko zote kwa sababu mamangu alitusomesha na mchokoo, ile fimbo ya kuvulia pweza. Bamvua maji yakitoka sana, kina mama wanatembea juu ya mwamba na mchokoo na kikapu, wanatazama tundu lenye vipande vya kombe na kaa mlangoni, hapo ndani mwenye nyumba yupo. Pweza ni mtu wa haraka, umri wake ni kama mwaka tu, anakula anakua, na yule jike akishataga anakaa kulinda mayai yake hali chochote mpaka yanaanguliwa, akimaliza anakufa. Kwa hivo ukimvua akiwa mdogo umepoteza mara mbili, kilo zake na mayai yake. Ndio maana vijiji vingi vya pwani hii, Pemba na kwengineko, wamejifunza kufunga mwamba miezi kadhaa, watu wote wanaacha, siku ya kufungua mtu anatoka na pweza wa maana, sio vile vya kushika kwa kiganja. Inafanya kazi na hauhitaji mzungu akuelezee, unaiona kwenye mizani.

Lakini mwamba ukifungwa huku na wa jirani ukiwa wazi, huyo jirani akiwa nchi nyingine, wanafanyaje? Wanasubiri mmalize kufunga, bamvua la usiku wanaingia na tochi. Na mimi siwalaumu sana, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na hata wangeambiwa, nani kasema sheria ndogo ya kijiji cha Kenya inamhusu mtu wa Mkinga? Cha kuchekesha ni kwamba mipango ipo. Huku kuna mpango wa usimamizi wa pamoja wa Shimoni hadi Vanga, BMU zilikaa zikaupitisha. Kule kuna eneo la usimamizi shirikishi la Boma hadi Mahandakini, ambalo linaishia mpakani. Mipango miwili mizuri, imeandikwa na wavuvi wenyewe, inagusana majini, na mmoja hautaji mwingine. Kalenda moja ya kufunga na kufungua, yenye mwezi mmoja wa kuanza, inatosha kubadilisha maisha ya hawa kina mama. Kuiandika ni kazi ya siku mbili, wakae watu kumi wa huku na kumi wa kule, chai na mahamri juu yetu. Kinachokosekana ni nyinyi kusema kwamba wakikubaliana, makubaliano yao yana nguvu ya sheria pande zote.

Mikoko nayo nisiipite. Gazi walianza 2013 na Mikoko Pamoja, ekari zao wakazilinda wakauza hewa ya ukaa, pesa ikaleta maji na vitabu vya shule. Sisi tukafuata 2019 na mradi wa msitu wa buluu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, zaidi ya hekta 460. Nimeona faida na sitakuwa mnafiki kuikataa. Lakini simama Jimbo utazame kusini, ule msitu unaendelea tu, mkandaa ni ule ule, mlilana ni ule ule, kaa ni wale wale, na kijito kinachopita katikati hakina bango. Upande wa kule haumo kwenye mradi. Sasa mtu anataka nguzo za kujengea, huku kuna walinzi wa kijiji, kule hamna anayelipwa kulinda, ataenda wapi? Tukihesabu miti tuliyookoa na hatuhesabu iliyokatwa ng'ambo ya kijito kwa sababu yetu, tunajidanganya na tunawadanganya wanaotulipa. Ule msitu ungewekwa kwenye mpango mmoja, na Moa na Jasini nao wakapata fungu lao, mlinzi wa bei nafuu kuliko wote angekuwa ni jirani.

Najua kuna kitu wakubwa mnaogopa kukisema, kwamba wavuvi wenyewe hawaipendi hifadhi. Ni kweli, na mna sababu ya kusikiliza kwa nini. Kisite ilipotangazwa 1973 watu wa Wasini na Mkwiro walipoteza maji yao ya kuvulia, wazee mpaka leo ukiwatajia hilo jina sauti inabadilika. Leo watalii wanakuja kuona pomboo na matumbawe, boti zinajaa, na ndio, samaki wa Kisite ni wengi na wakubwa na wengine wanatoka nje ya hifadhi tunawavua, hilo silipingi. Ila faida ilianguka kwa wachache na hasara iligawiwa wote. Tanga nao, ile hifadhi ya silikanti ilipotangazwa 2009, vijiji viliambiwa jarife la maji ya kina lina kasoro kwa sababu lile samaki la kale la ajabu lilikuwa linanaswa humo tangu 2004. Sawa, silikanti ni hazina, dunia nzima ilikuja kupiga picha. Lakini mwenye jarife alipewa nini badala yake? Kwa hivo mkitaka hili eneo la pamoja likubalike, mtu wa kwanza kuhakikishiwa ni mwenye mtumbwi. Andikeni wazi kwamba halitakuwa Kisite nyingine, kwamba sio maji yote yanafungwa, kwamba panapofungwa wanaochagua ni BMU, na kwamba ada ya mtalii anayeingia kutazama pomboo kuna asilimia inashuka mpaka kijijini, pande zote mbili, ikibandikwa ukutani kila mwezi tuione. Bila hayo msishangae tukiwa wa kwanza kuipinga, na mimi nitakuwa mbele.

Wengine watauliza kama kitu hiki kimewahi kufanyika Afrika. Kimefanyika. Afrika Kusini na Msumbiji wana hifadhi zao zilizoungana, iSimangaliso na Ponta do Ouro, upande wa Msumbiji ulitangazwa 2009, kasa wanaotaga fukwe zile wanalindwa nchi zote mbili. Waholanzi, Wajerumani na Wadenmaki walikubaliana juu ya bahari yao ya Wadden tangu 1982. Na kwa nini twende mbali, nyinyi wenyewe mna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lina makao Jinja, mliliunda 1994 mkiwa na Uganda. Wanahesabu vyombo kwa pamoja, wanakagua samaki wa ziwa kwa pamoja. Halijamaliza kila ugomvi, Migingo, kile kisiwa cha kugombaniwa na Uganda, bado mnaikumbuka, lakini angalau pana meza. Miaka thelathini na zaidi sangara ana meza yake na changu wa Vanga hana hata kiti. Au ni kwa sababu sangara anapanda ndege kwenda Ulaya?

Na Zanzibar msikae pembeni mkadhani hii ni barua ya Kenya na Bara. Hifadhi ya mkondo wa Pemba mnayo tangu 2005, upande wote wa magharibi wa kisiwa, na wavuvi wenu ndio wengi kuliko wote kwenye maji haya msimu ukifika. Mkataba ukisainiwa Nairobi na Dodoma bila Unguja kuwa na kalamu yake, nahodha wa Wete kule Pemba atauliza, na atakuwa na haki, mimi nilikubali lini?

Pesa najua itatajwa. Wafadhili wapo, na uchumi wa buluu ndio wimbo wa kila hotuba siku hizi. Lakini nawaomba msianze na jengo. Msijenge ofisi ya sekretarieti yenye vioo Mombasa au Tanga kabla ya kuwa na kitu cha kufanyia kazi. Anzeni na lile daftari moja, fomu moja ya samaki, aina zimeandikwa kwa majina yetu, nakala moja inaenda huku na nyingine kule. Anzeni na kalenda ya pweza. Anzeni na namba ya simu ya dharura iliyobandikwa kila banda la BMU kutoka Chale hadi Mkinga. Vitu hivi havihitaji bunge kukaa, na mkishavifanya msimu mmoja au miwili, ule mkataba mkubwa mtautia saini mkiwa na uhakika wa mnachosaini. Halafu kwenye kamati yoyote mtakayoiunda, nusu ya viti viwe vya wavuvi, wachuuzi na kina mama wa pweza, sio yule mwakilishi mmoja anayewekwa pembeni ya meza kwa ajili ya picha.

Tumeongea na wenzetu wa Moa, wao wako tayari, na mzee wao mmoja alisema wakubwa wakichelewa sana sisi tutaandikishana wenyewe msikitini baada ya Ijumaa. Alikuwa anatania nusu. Tunataka kikao hapa Vanga, cha pande zote tatu, kabla kaskazi haijaingia na wenye dago hawajafika, ili msimu unaokuja uanze na makubaliano. Chagueni siku ya maji mafu, siku ya bamvua hamtampata mama yeyote, wote watakuwa mwambani. Barabara kutoka Lunga Lunga si mbaya kukiwa hakuna mvua. Mkipenda kuja kwa boti kutoka Shimoni njooni na maji yakiwa yamejaa, kijito chetu maji yakitoka kinabaki tope tupu na itabidi mvue viatu.

Wenu,
mwandishi wa daftari la samaki, Vanga